Bi Tsuruyo Kageura, Mwanamke Aliyekula Wali wa Chai

Ijumaa hii, tarehe 31 Machi 2023, saa kumi na moja jioni, Bi Tsuruyo Kageura atashuka kwenye kitanda cha kufumia namba nne cha Nyumba ya Ufumaji ya Nabeshige, hapa Kyoto, Japani, na hatapanda tena. Alikipanda mara ya kwanza Aprili 1970 akiwa msichana wa miaka kumi na minane, na tangu hapo amekitumikia miaka hamsini na mitatu kamili. Katika muda huo amewazika wakurugenzi wawili, amemfuta kamasi wa tatu, na amemaliza pedali saba za mbao kwa nyayo zake mwenyewe.

Ilisemwa wasifu huu uandikwe na mtu wa elimu. Mtu wetu wa elimu ni mhasibu, naye aliposikia alipatwa na homa. Ndipo kalamu ikamwangukia mtu wa stoo ya nyuzi na gari la mizigo, ambaye shule waliachana mapema bila kinyongo, lakini ambaye amefika Lyon, Ufaransa, siku tatu nzima, akaziona hariri za Wafaransa na kuwapa pole. Kwa hiyo msomaji asiwe na wasiwasi. Yuko mikononi mwa mtu aliyeona dunia.

Bi Tsuruyo alitoka Tango, pwani ya kaskazini, ambako mtu akikwambia karibu ule, chakula kipo. Hilo mlikumbuke, maana tutalirudia. Alishuka kwenye treni na sanduku moja na ndoo ya samaki waliokaushwa kwa ajili ya mwajiri. Mkurugenzi wa kwanza, marehemu babu yake huyu wa sasa, alizipokea salamu na samaki, akamwonyesha kitanda namba nne, akamwambia, "Kaa hapo usiongee." Hiyo ndiyo ilikuwa semina elekezi ya enzi zile. Siku hizi tunayo ya siku mbili, na watu wanaongea.

Kwa wageni watakaokuja kwenye sherehe kwa ajili ya vitafunio tu, niseme kazi yetu kwa kifupi. Tunafuma hariri ya majoho ya Noh, ule mchezo wa kale wa jukwaani wa vinyago. Joho moja ni fundi mmoja na mwaka mmoja, wakati mwingine zaidi. Mzee wa miaka themanini mwenye magoti yanayolia kama mlango anavaa kinyago, anashonewa joho letu mwilini, anatoka jukwaani akiwa msichana wa miaka kumi na saba, na watu wazima wenye maduka yao wanalia. Joho likiwa baya, anabaki mzee mwenye magoti.

Sasa, joho la namna hii hufumwa kinyumenyume. Uso wa kitambaa unatazama chini, mgongo unamtazama mfumaji. Kutwa nzima anaona vifundo, mikia ya nyuzi na vurugu, kama kuishi uani kwa watu usiingie sebuleni. Akitaka kuona ua lake limekaaje, anaingiza kioo kidogo chini ya kitambaa na kuchungulia. Kioo cha Bi Tsuruyo ni cha plastiki ya waridi. Alikinunua mwaka 1974, na mpini wake ulipovunjika aliufunga kwa uzi wa dhahabu uliobaki kwenye joho la malaika. Mkurugenzi alishamnunulia kioo kipya chenye taa ndani. Anakitumia kuzuia mlango usijifunge.

Mtu akitazama migongo miaka hamsini na mitatu, anakuwa na tabia. Mgeni akiingia karakanani kwa mbwembwe, Bi Tsuruyo hamtazami. Anangoja ageuke. Niliporudi kutoka Lyon na suti niliyoinunua kule, watu wote walisimama kunisifu, naye akangoja, akangoja, mpaka nilipokwenda kuchukua chai.

"Tokura," akasema, "mbele umekuwa balozi. Nyuma bado ni wewe."

Amefuma majoho arobaini na moja, bila kuhesabu la mwisho. Yamo ya mashetani, ya malaika, ya wafalme na ya wanawake wenye wivu, na katika hayo yote hajawahi kurudishiwa hata moja. Alipewa cheti cha Fundi wa Jadi, chenye muhuri mwekundu mkubwa kama kisahani. Amekitandika chini ya birika, na kimemfaa.

Mkurugenzi wetu wa sasa, Bwana Haruomi Nabeshige, ni mtu wa maendeleo, na naliandika hilo kwa heshima kwa kuwa atalisoma kabla halijachapwa. Amesomea biashara Osaka. Alituletea mashine ya chai inayozungumza. Alituletea vifuko vya simu vya hariri, ambavyo tumeuza kumi na viwili, kumi vikiwa kwa mama yake. Ametuletea pia watalii. Siku moja aliingia na kundi la Waholanzi, warefu wote, akasimama mbele ya kitanda namba nne.

"Mama Tsuruyo, wageni wanaomba kuona upande mzuri."

"Waambie walale chini."

Alidhani ni utani. Mholanzi mmoja hakudhani. Alivua miwani, akalala chali sakafuni, akajisukuma kwa visigino mpaka chini ya kitanda, akabaki huko robo saa. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Bi Tsuruyo akampa ndoo ya samaki? La, nisiongeze chumvi. Alimpa peremende.

Lakini jambo lililonifanya nikubali kuandika, pamoja na homa ya mhasibu, ni joho lake la mwisho. Bila hilo ningeandika kwamba alikuwa hodari na mpole, kama wanavyoandikiwa wote, na yeye mpole si sana.

Kuna sheria moja katika majoho ya wanawake wa Noh, nayo ni kali kuliko sheria za barabarani. Joho lenye nyekundu ni la msichana. Joho lisilo na nyekundu ni la mama mtu mzima. Uzi mmoja mwekundu ukipenya mahali pasipo pake, mama anageuka msichana, na hadithi nzima inaharibika. Mwalimu Tansai Kuzuoka, mkuu wa Nyumba ya Kuzuoka ya wachezaji wa Noh, aliwahi kumtoa mwanafunzi nje ya chumba cha kuvalia kwa sababu ya pindo jekundu la soksi.

Nyumba hiyo ina joho moja la kale, hazina yao, ambalo vizazi na vizazi wamelivaa kuchezea akina mama wanaotafuta watoto waliopotea. Maua yake ni ya rangi ya hudhurungi hafifu, kama chai iliyomiminiwa maji mara ya pili. Wao wanaiita rangi ya chozi lililokauka. Profesa Iwatare, bingwa wa nguo za kale, ameiandikia rangi hiyo kitabu cha kurasa mia tatu na arobaini, na ndani yake anathibitisha kwamba mafundi wa zamani waliipata kwa kuchemsha gome la mti pamoja na huzuni. Kiasi cha gome amekitaja.

Joho lilikuwa limechoka. Julai ya mwaka juzi, Mwalimu Kuzuoka akiwa anakaribia miaka themanini, alituita tufume nakala, kwa ajili ya onyesho lake la kumuaga mama huyo anayetafuta mwanawe. Bi Tsuruyo alikuwa amebakiza miezi ishirini kustaafu. Kila mtu alijua kuwa hilo ndilo lake la mwisho.

Tulikwenda siku ya kuanika, siku ile ya kiangazi ambayo nyumba zote za Noh hutandaza majoho kwenye kamba yapigwe upepo na wadudu wafukuzwe. Mimi niliendesha gari. Joho la chozi lilikuwa limening'inizwa peke yake chumba cha ndani. Bi Tsuruyo alilitazama mbele kwa adabu, kwa muda ambao mtu hutazama picha ya harusi ya jirani. Kisha akasema, "Mwalimu, naomba nione mgongo wake."

"Mgongo?"

"Mimi ni mtu wa migongo."

Mwalimu akatabasamu lile tabasamu la hapa Kyoto lenye mlango wa uani. "Bi Kageura amechoka, safari ilikuwa ndefu," akasema. Tulikuwa tumetoka mtaa wa nne. "Je, utapenda bakuli la wali wa chai?"

Jamani. Hapa kwetu, mwenyeji akikuuliza kama utapenda wali wa chai, yaani wali uliomiminiwa chai ya moto, jibu ni moja tangu enzi za wafalme. Unatazama saa, unashtuka, unasema lahaula nilikuwa nimesahau nina mgonjwa, unainama mara tatu, unaondoka. Wali haupo. Haujawahi kuwapo. Watoto wa Kyoto wanalijua hilo kabla ya kuota meno. Mimi nilishafika mlangoni na kiatu kimoja mguuni niliposikia sauti nyuma yangu.

"Nitapenda sana, Mwalimu. Sijala tangu asubuhi."

Nimesafiri sana. Sijawahi kusikia jibu kama lile, hata Lyon. Wakati huo Bi Tsuruyo alikuwa amekaa Kyoto miaka hamsini na mmoja, kwa hiyo mtu asiniambie kwamba hakujua. Alikaa pale kwenye mkeka, mikono magotini, uso mkunjufu wa kwao Tango, mtu aliyekaribishwa chakula.

Mkewe Mwalimu alikuwa kwa dada yake. Mtumishi alikuwa sokoni. Mwalimu Kuzuoka, mtu mwenye nishani mbili, alisimama kwa magoti yake yale, akaingia jikoni, na baada ya kitambo tukasikia mchele ukioshwa na mkono usioujua mchele.

Tulikuwa na dakika arobaini. Bi Tsuruyo hakufanya ukorofi, hakushika pasipostahili. Alisogea kwenye mkono wa kulia wa joho. Mdomoni mwa mkono, bitana ilikuwa imeachia upana wa vidole viwili kwa uzee. Akatoa kioo chake cha waridi, akakiingiza pale, akachungulia. Kisha akaniita.

"Tokura, njoo na macho yako ya Lyon."

Nikachungulia. Ndani, mahali kitambaa kilipokunjwa na kufichwa na bitana, maua yalikuwa mekundu. Si wekundu wa kubahatisha. Mekundu kama ulimi.

"Hii ni nini, Dada?"

"Ni msichana," akasema.

Nyekundu ya kale inatokana na ua la milimani, na ua hilo linaogopa mwanga kuliko mwizi. Miaka mia na zaidi ya kuanikwa na kupigwa taa ilikuwa imeikimbiza rangi yote ya mbele. Kilichobaki ndicho hicho wanachokiita chozi. Nyumba nzima ya Kuzuoka, baba kwa mwana, ilikuwa imewavika akina mama wenye uchungu gauni la binti wa kuozwa, na Profesa ametutajia kiasi cha gome.

Mwalimu akarudi na mabakuli mawili. Mchele ulikuwa na kiini kigumu kama kokoto. Bi Tsuruyo alikula mpaka chembe ya mwisho, akauliza kama kuna achari. Achari ikaletwa.

Jioni ile Bwana Haruomi alitukalisha ofisini chini ya bango lake lililoandikwa UBUNIFU.

"Mama Tsuruyo, umeona nini kule?"

"Nyekundu, Haru."

"Huwezi kuwa umeona nyekundu."

"Basi sikuiona. Lakini ipo."

Bwana Haruomi alishika kichwa. Hapa nimtetee, maana kijana alikuwa na sababu. "Tukimwambia Mwalimu kwamba maisha yake yote amevaa joho la msichana, atatufukuza na agizo lake," akasema. "Agizo hili likiondoka, mengine ya nyumba ile yatalifuata, vitanda kumi na kimoja vinasimama, na mimi sina kingine cha kuwapa watu. Vifuko vya simu havilishi mtu. Lifume lilivyo sasa, Mama. Rangi ya chozi."

"Nusu karne nimefuma kile ninachokiona. Hili ni langu la mwisho. Unataka nimalizie na uongo?"

"Nataka umalize," akasema yule mtoto aliyefutwa kamasi, na sauti yake haikuwa ya ukali.

Siku tatu kitanda namba nne kilikuwa kimya. Kwetu kimya cha kitanda kimoja husikika kuliko kelele za kumi. Mafundi walipita wakitazama chini. Siku ya nne akaja stoo kwangu. Akaagiza hariri ya rangi ya chozi ya joho zima. Halafu akasema, "Na nyekundu, gramu mia mbili. Ya ua. Usiniletee ile ya kiwandani."

"Ya nini, Dada?"

"Ya pindo."

Nilimwomba aketi kwenye gunia. Akaniambia kwa sauti ya mtu anayepanga mboga. Mbele ataweka chozi, kama alivyoagizwa. Lakini kingo za kitambaa, zile zitakazokunjwa ndani na kufichwa na bitana, atazifuma nyekundu, kama alivyoona. "Ningependa mgongo wote uwe mwekundu, lakini uzi hauna nyuso mbili kama sisi watu wa Kyoto. Pindo naliweza. Nimeambiwa ninakili, nami nanakili."

"Na Mwalimu akiona je?"

"Asiyejua hatatazama pale. Anayejua hatauliza."

Niliipenda hesabu hiyo. Usiku sikulala, lakini niliipenda. Kwenye daftari la stoo nikaandika kwamba gramu mia mbili za nyekundu ni za vifuko vya simu, na Bwana Haruomi alipopita akaona, akanipongeza mbele ya watu.

Alifuma miezi kumi na minne. Nyakati hizo mkurugenzi alikuja kila Jumatatu kukagua, akainama juu ya kitanda, akaona vifundo na mikia ya nyuzi ya kila rangi, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa. Mungu ambariki. Joho likashonwa, likatiwa bitana, na Desemba likapelekwa. Mwalimu alilitazama mbele, akasema asante, basi. Tukapumua mpaka Februari.

Siku ya onyesho tulialikwa chumba cha kuvalia, Bwana Haruomi, Bi Tsuruyo na mimi kwa kuwa nilibeba sanduku. Mwalimu alikaa katikati. Wavishaji wawili walikuwa na sindano tayari, maana joho hushonwa mwilini, halifungwi vifungo. Walipotaka kumwingiza mkono wa kulia akasema, "Ngoja. Nipeni kisu kidogo."

Akakata mshono wa bitana mdomoni mwa mkono, upana wa vidole viwili. Hakutafuta mahali. Mkono wake ulikwenda pale pale moja kwa moja.

"Kuna mtu ana kioo kidogo?"

Kuna ukumbi mzima wa vioo nyumba ile, lakini kidogo hakikuwapo. Bi Tsuruyo akafungua mkoba, akampa kile cha waridi. Mwalimu akachungulia. Bwana Haruomi naye akanyoosha shingo akaona, akawa mweupe kama soksi za Mwalimu. Hesabu ya Bi Tsuruyo ilikuwa imekosea nusu. Anayejua ametazama, na sasa anauliza.

"Bi Kageura, hii ni nini?"

"Ni pindo, Mwalimu."

"Nauliza rangi."

"Niliambiwa ninakili joho. Nimelinakili lote."

"Uliliona lini?"

"Ulipokuwa unaosha mchele."

Wavishaji walitazama sindano zao. Nje wapiga ngoma walikuwa wakizipasha ngozi moto. Nilihesabu vitanda kumi na kimoja kichwani, kimoja kimoja, na wanaovikalia.

"Ule mchele," akasema Mwalimu. "Uliiva?"

"Haukuiva."

"Na ukala."

"Niliumaliza."

Bwana Haruomi akapiga magoti. "Mwalimu, ni kosa letu, tutalifuma upya, tutalirudia kwa gharama ya nyumba, tutafanya…"

"Nyamaza, kijana, watu wazima wanaongea." Mwalimu alikuwa bado anatazama kioo. "Baba yangu alinionyesha hapa siku ya kuanika, nikiwa na miaka ishirini na miwili. Akaniapisha. Yeye naye alionyeshwa na babake. Alisema siku watu wakijua watatucheka mpaka tuzikwe, kwa hiyo rangi ikatafutiwa jina zuri. Miaka hamsini na saba, kila mtu akisogelea mkono huu, namkaribisha wali wa chai. Wewe ndiye wa kwanza kula."

"Ulinikaribisha, Mwalimu."

"Nilikukaribisha." Akamrudishia kioo. "Kila nikimcheza mama huyu, naanzia kwa msichana aliyemo humu mkononi. Nikiingia jukwaani namshika kwa vidole, hivi. Mama ni yeye huyo huyo baada ya kuanikwa sana. Tangu niagize joho jipya nilikuwa naogopa. Nilijua litakuwa zuri. Nilidhani ndani hakutakuwa na mtu."

Kisha akawaambia wavishaji, "Shoneni. Hapo mdomoni acheni wazi, kama la zamani."

Nitasema ukweli, huwa nasinzia kwenye Noh, kama watu wote wenye akili, na wanaosema hawasinzii wanasinzia macho wazi. Siku ile sikusinzia. Mama alitafuta mwanawe saa nzima kwa mwendo wa kobe. Alipompata, akainua mkono wa kulia kumfunika, na pale mdomoni mwa mkono, kwa muda wa kupepesa jicho, ikaonekana nyekundu. Upana wa vidole viwili. Mwanamke wa siti ya mbele akavuta pumzi kama aliyechomwa. Nyuma yangu Profesa Iwatare akamnong'oneza jirani yake, "Ni taa." Nasikia anatayarisha juzuu la pili.

Bi Tsuruyo alikaa safu ya mwisho kabisa. Nilipomuuliza ameonaje, alisema, "Alipogeuka, mgongo ulikaa vizuri."

Agizo halikufutwa. Mwezi uliofuata Nyumba ya Kuzuoka iliagiza majoho mengine mawili, na kwenye karatasi ya agizo Mwalimu aliandika kwa mkono wake, "Mapindo yafumwe kwa ukweli." Bwana Haruomi ameipiga picha karatasi hiyo na anataka kuiweka kwenye vifuko vya simu. Tumemshauri aache. Vitanda vyote vinafanya kazi, na kuanzia Jumatatu namba nne atakikalia Bi Orie wa kitanda namba saba, ambaye ameomba kitu kimoja tu, aachiwe kile kioo cha taa kinachozuia mlango. Cha waridi kinaondoka na mwenyewe.

Zawadi ya nyumba imeshatayarishwa, ni saa ya ukutani yenye nembo yetu. Mumewe Bi Tsuruyo, Bwana Yasuke, dereva mstaafu wa basi, amejiandaa kwa njia yake. Amenunua televisheni ya pili.

Lakini Jumanne iliyopita ilikuja kadi kutoka kwa Mwalimu Kuzuoka, imeandikwa kwa brashi. Inasema kwamba Jumamosi tarehe 1 Aprili, saa sita mchana, anamkaribisha Bi Kageura nyumbani kwake kwa bakuli la wali wa chai. Bwana Haruomi aliisoma mara nne, akaitisha kikao. Je, tumefukuzwa? Je, ni njia ya kusema asiende? Mhasibu, ambaye homa ilikuwa imepoa, alisema kwa desturi za Kyoto barua hiyo maana yake ni kwaheri ya milele. Walibishana mpaka chai ya mashine ikaisha. Mimi, kwa kuwa ni mtu wa dunia, nikapiga simu.

Mwalimu aliipokea mwenyewe. Nyuma yake nilisikia maji yakichuruzika.

"Mwambie nimenunua sufuria," akasema. "Na nimefanya mazoezi tangu Februari."

Dada Tsuruyo, sisi wa Nabeshige tunakushukuru kwa majoho arobaini na mawili na kwa kila mgongo uliotusomea. Tunakuombea siku ndefu zenye jua la upole, miguu isiyoumia ngazini, na mume asiyebadilisha chaneli. Jumamosi ukifika kule, vua viatu, na uviweke mbali na mlango.

Genpachi Tokura
Stoo ya Nyuzi na Usafirishaji